Virusi vya kuharisha na sura zake nyingi: kutoka Kilifi hadi visiwa vya Lamu

Kabla ya chanjo kupatikana, karibu kila mtoto duniani, awe amezaliwa Shela, Nairobi au London, aliambukizwa rotavirusi angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka mitano. Rotavirusi ndiyo iliyoongoza kwa muda mrefu kundi la virusi vinavyowaharisha na kuwatapisha watoto wadogo. Wenzake katika kundi hilo ni norovirusi, adenovirusi za aina ya 40 na 41, astrovirusi na sapovirusi. Mzazi anayemwona mwanawe akiharisha maji matupu tangu alfajiri hawezi kujua ni kipi kati ya hivyo kimemwingia, na hata daktari hawezi kukitambua kwa macho, kwa sababu dalili zinafanana mno. Tofauti zimo ndani ya jeni. Hizo ndizo zinazochangia kuamua kama chanjo itamkinga mtoto barabara au nusunusu, kama mlipuko wa mwaka huu umeletwa na kirusi cha zamani au mgeni, na kama mtoto aliyekwisha kuugua atarudiwa na ugonjwa ule ule.

Kwa Kaunti ya Lamu jambo hili lina uzito wake. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 katika kaunti nzima, nao wametawanyika Amu, Pate, Manda, Ndau, Kiwayu na upande wa bara kuanzia Witu na Mpeketoni hadi Kiunga. Hospitali kuu ya King Fahd iko mji wa Amu. Mtoto wa Kizingitini au wa Mkokoni akizidiwa usiku, safari ya kwenda kwa daktari bingwa ni safari ya bahari, na msimu wa kusi ukichacha hata nahodha mzoefu hufikiri mara mbili. Mtoto wa miezi minane anayetapika na kuharisha kwa pamoja anaweza kuishiwa maji ya mwili kiasi cha kuhatarisha maisha ndani ya siku moja. Ugonjwa ambao mahali pengine humalizwa na dripu ya saa chache, visiwani huwa ni mashindano dhidi ya saa na maji kupwa na kujaa.

Rotavirusi ilitambuliwa mwaka 1973 huko Melbourne, Australia, na Ruth Bishop pamoja na wenzake. Walichukua vipande vidogo vya utumbo wa watoto waliolazwa kwa kuharisha, wakavitazama kwa hadubini ya elektroni, wakaona chembe za mviringo zenye umbo la gurudumu. Mwaka mmoja kabla yake, Albert Kapikian alikuwa ameionyesha norovirusi nchini Marekani katika choo kilichohifadhiwa tangu mlipuko wa shuleni katika mji wa Norwalk, Ohio, mwaka 1968. Kabla ya miaka hiyo, watoto wengi walioharisha waliandikiwa kuwa chanzo hakijulikani. Vizazi vya wazazi wa pwani vilisingizia meno, na hawakukosa kuona jambo la kweli: meno huanza kutoka katika umri ule ule ambao kinga aliyoachiwa mtoto na mamake tumboni inapungua, naye anaanza kutambaa na kutia kila kitu kinywani. Virusi hutumia mwanya huo.

Chembe moja ya rotavirusi imejengwa kwa tabaka tatu za protini. Ndani yake umekaa urithi wa kirusi, ambao ni RNA ya nyuzi mbili iliyokatwa vipande 11, kila kipande kikibeba maelekezo ya kutengeneza protini moja au mbili. Protini sita ni za kujenga mwili wa kirusi, nyingine hutumika kirusi kikiwa kinazaliana ndani ya seli za utumbo mwembamba. Mojawapo ya hizi za pili, iitwayo NSP4, hufanya kazi ya sumu. Mwaka 1996 watafiti walionyesha kwamba inatosha yenyewe kuwaharisha panya wachanga. Hiyo ni sababu mojawapo inayofanya maji yaanze kumtoka mtoto kwa wingi hata kabla utumbo haujaharibika sana.

Kwenye tabaka la nje kuna protini mbili ambazo kinga ya mwili huzitambua kwanza. VP7 ndiyo inayofunika uso wa kirusi. Aina zake huandikwa kwa herufi G. VP4 imechomoza kama miiba na ndiyo inayoshika seli ya utumbo. Aina zake huandikwa kwa herufi P, na namba yake ya kijenetiki hutiwa katika mabano ya mraba. Hivyo kirusi kikiitwa G1P[8], msomaji ameambiwa sura zote mbili kwa mkato. Hadi sasa wanasayansi wameorodhesha aina zaidi ya 40 za G na zaidi ya 50 za P, ukijumlisha zile za binadamu na za wanyama. Kwa watoto, michanganyiko michache ndiyo imetawala dunia kwa miaka mingi: G1P[8], G2P[4], G3P[8], G4P[8], G9P[8] na G12P[8]. Tangu 2008 upo pia utaratibu wa kuainisha vipande vyote 11, na kwa utaratibu huo rotavirusi nyingi za binadamu huangukia koo mbili kubwa, moja inayofanana na kirusi kiitwacho Wa na nyingine na kirusi kiitwacho DS-1. Aina za P[8] kwa kawaida ni za ukoo wa Wa. G2P[4] ni ya ukoo wa DS-1.

Utofauti huo wote unazaliwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni makosa ya kunakili. Kimeng'enya kinachonakili RNA ya kirusi hakina utaratibu wa kusahihisha, kwa hiyo kila kizazi kipya hubeba mabadiliko madogo madogo, na mengine kati ya hayo hubadilisha mahali hasa ambapo kingamwili hushika. Njia ya pili ni ya kasi zaidi. Mtoto mmoja akiambukizwa virusi viwili tofauti kwa wakati mmoja, na seli moja ikaingiwa na vyote viwili, vipande vya urithi huchanganywa kama karata za seti mbili na kugawiwa upya. Kirusi kinachotoka kinaweza kuwa na uso wa mzazi mmoja na matumbo ya mwingine. Mahali penye maambukizo mengi, watoto kubeba virusi viwili kwa pamoja si jambo la nadra, na ndiyo maana Afrika imekuwa ikitoa michanganyiko ambayo Ulaya huiona mara chache.

Kwa pwani ya Kenya, mahali ambapo hadithi hii imesomwa kwa undani ni Kilifi. Mpango wa utafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, kwa ushirikiano na shirika la Uingereza la Wellcome Trust ulianza huko mwaka 1989, ukiwa bega kwa bega na hospitali ambayo leo ni Hospitali ya Kaunti ya Kilifi. Uchunguzi ulioongozwa na James Nokes kati ya 2002 na 2004 ulionyesha kwamba karibu asilimia 29 ya watoto waliolazwa kwa kuharisha na kupimwa walikuwa na rotavirusi. Sampuli hizo hizo ziliposomwa jeni, zilionyesha kwamba aina zinazotawala hubadilika mwaka hadi mwaka katika hospitali ile ile na vijiji vile vile. Hilo lilikuwa fundisho kubwa. Mtu anayepima msimu mmoja tu akadhani ameujua ugonjwa wa eneo lake, amejua ukurasa mmoja wa daftari refu.

Mwezi wa Julai 2014 Kenya iliingiza chanjo ya rotavirusi katika ratiba ya taifa. Iliyochaguliwa wakati huo ni Rotarix, ambayo imetengenezwa kwa kirusi kimoja kilichodhoofishwa cha aina ya G1P[8]. Ilitolewa kwa matone mdomoni, dozi ya kwanza wiki ya sita na ya pili wiki ya kumi. Tanzania, pamoja na Zanzibar, ilikuwa imetangulia kwa chanjo hiyo hiyo, na kuanza kuwapa watoto mwanzoni mwa 2013. Swali lililofuata lilikuwa la haki kabisa: ikiwa chanjo ina sura moja tu, je, sura nyingine hazitapata uwanja wa kuenea?

Majibu ya Kenya yalichapishwa mwaka 2020, yakilinganisha virusi vilivyopatikana kwa watoto kati ya 2010 na 2018, Kilifi ikiwa mojawapo ya vituo. G1P[8] ilikuwa karibu nusu ya virusi vyote kabla ya chanjo, na ilibaki takriban nusu baada yake. G8P[4], ambayo kabla ya chanjo ilishika nafasi ya pili, ilipisha njia. G2P[4] ilipanda kutoka takriban asilimia 7 hadi takriban asilimia 20, na G3P[8] nayo ikajitokeza kwa nguvu. G2P[4] inastahili kutazamwa kwa jicho kali kuliko nyingine, kwa sababu haishiriki na kirusi cha Rotarix ile G wala ile P, na ukoo wake wa ndani pia ni mwingine. Hata hivyo haraka ya kuilaumu chanjo haina msingi. Kupanda na kushuka kwa G2P[4] kumeonekana pia katika nchi ambazo hazikuwa na chanjo yoyote. Ni aina yenye tabia ya kurudi kwa mawimbi. Takwimu za miaka michache baada ya chanjo haziwezi kutenganisha shinikizo la chanjo na mzunguko wa asili, na hiyo ndiyo sababu ya kutaka usomaji wa jeni uendelee bila kukatika.

Kisa cha G3P[8] kinafundisha zaidi. Mwaka 2018, miaka minne baada ya chanjo kuanza, aina hiyo ndiyo iliyotawala Kilifi. Jeni zake ziliposomwa na kulinganishwa na za kwingineko, zilionekana kuwa za matawi tofauti. Maana yake, kirusi hicho hakikuingia Kilifi mara moja kikazaana. Kiliingia zaidi ya mara moja, kwa milango tofauti. Pwani ni barabara. Watu hupanda basi kutoka Mombasa kwenda Malindi, Garsen na Mokowe. Watoto husafirishwa likizoni, kwenye maulidi na kwenye harusi. Mashua huvuka Mokowe na Amu mchana kutwa. Kirusi kinachohitaji chembe chache tu, kati ya 10 na 100, kumwangusha mtoto hakihitaji tiketi yake mwenyewe. Lililotokea Kilifi linaitahadharisha Lamu moja kwa moja: kuwa kisiwani hakukizuii kirusi kuvuka, ila kunachelewesha habari zake kufika maabara.

Yako mambo mengine katika utofauti huu ambayo yanaihusu Afrika kuliko mabara mengine. Aina za P[6] na G8, ambazo Ulaya ni adimu, zimekuwa za kawaida katika nchi nyingi kusini mwa Sahara. Sehemu ya maelezo iko kwa mtoto mwenyewe. Rotavirusi ya P[8] hushika sukari maalumu zilizo juu ya seli za utumbo, sukari zinazohusiana na makundi ya damu na ambazo mtu huzirithi kwa wazazi. Asiye na sukari hizo huwa mgumu kwa P[8]. Mtoto ambaye damu yake ni ya kundi la Lewis hasi, hali iliyo ya kawaida zaidi Afrika kuliko Ulaya, hushambuliwa kwa urahisi zaidi na P[6]. Kwa hiyo utofauti wa virusi na utofauti wa watoto hufuatana. Tena chanjo yenyewe ni kirusi hai cha P[8] ambacho lazima kishike utumbo kabla ya kufundisha kinga. Mtoto ambaye utumbo wake haukipokei huenda akapata chanjo na asipate kinga kamili. Jambo hili halijapewa uzito linaostahili katika mipango ya chanjo za Afrika.

Wanyama nao wana rotavirusi zao: ng'ombe, mbuzi, nguruwe, farasi na hata popo. Kwa kawaida kila mnyama hubaki na zake, lakini mara moja moja kirusi kizima huruka hadi kwa binadamu, au kipande cha urithi wake huingia katika mchanganyiko. Nchini Kenya kilipatikana kirusi cha G8P[1] kwa mtoto mchanga asiye na dalili yoyote, na usomaji wa vipande vyote 11 ulionyesha asili yake ni kwa wanyama wenye kwato kama ng'ombe. Katika muongo uliopita aina ya G3P[8] yenye uso unaofanana na wa rotavirusi ya farasi na matumbo ya ukoo wa DS-1 imesambaa nchi nyingi duniani. Katika vichochoro vya Amu, ambako punda na mbuzi hupita kizingiti kwa kizingiti na watoto wanaojifunza kutembea, ukaribu huo ni wa kila saa. Hakuna haja ya kuwaogopa punda. Haja ni kusoma vipande vyote 11, kwa sababu anayesoma G na P peke yake hawezi kuona mchanganyiko uliofanyika ndani.

Nguvu ya chanjo barani Afrika ilijulikana mapema kuwa pungufu. Majaribio ya Rotarix Amerika ya Kilatini na Ufini, yaliyochapishwa mwaka 2006, yalionyesha kinga ya asilimia 85 dhidi ya ugonjwa mkali. Majaribio ya Afrika yaliyotolewa mwaka 2010 yalionyesha karibu asilimia 77 Afrika Kusini na karibu asilimia 49 Malawi. Malawi ilikuwa na aina nyingi zaidi za virusi, zikiwemo G8 na G12, lakini utofauti haukuwa sababu pekee. Kingamwili zilizo katika maziwa ya mama, matone ya polio yanayotolewa siku hiyo hiyo, lishe duni na utumbo uliochoshwa na maambukizo ya mara kwa mara vyote vinahesabiwa. Nchini Kenya, utafiti uliohusisha Kilifi na Siaya ulikadiria kinga ya dozi mbili kuwa asilimia 64, na idadi ya watoto waliolazwa kwa rotavirusi ilishuka kwa zaidi ya nusu katika miaka iliyofuata chanjo. Mtu anayeona asilimia 64 ni kidogo afikirie pia vifo vyenyewe: Shirika la Afya Duniani na wenzake walikadiria vifo vya watoto 528,000 kwa rotavirusi duniani mwaka 2000, na 215,000 mwaka 2013, vingi vikiwa Afrika kusini mwa Sahara. Chanjo yenye upungufu imekuwa mojawapo ya nguzo za kupunguza vifo hivyo.

Kinga ya asili nayo hufuata kanuni inayofanana. Watoto 200 waliofuatiliwa tangu kuzaliwa jijini Mexico, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1996, walionyesha kwamba kila maambukizo hupunguza ukali wa yanayofuata, na kwamba baada ya maambukizo mawili hakuna aliyepata ugonjwa wa wastani au mkali. Kinga ya kwanza huelekea zaidi aina iliyomwingia mtoto. Inayofuata hupanuka na kugusa aina nyingine. Dozi mbili za chanjo zinaiga njia hiyo bila mtoto kupita katika hatari. Ziko pia chanjo zilizotengenezwa India: Rotavac, inayotokana na kirusi cha G9P[11] kilichopatikana kwa mtoto mchanga jijini Delhi, na Rotasiil, yenye sura tano za G kwa pamoja. Uchaguzi kati ya chanjo hizi ni uamuzi ambao nchi hufanya kwa kutazama bei, nafasi kwenye majokofu na ushahidi, na ushahidi wa aina zilizopo mitaani ni sehemu yake.

Visiwani, chanjo ina vikwazo visivyo vya jeni. Lazima ikae kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi tangu ghala hadi mdomo wa mtoto. Kwenye mashua inasafiri ndani ya kisanduku chenye vifurushi vya barafu, jua la saa sita likiwa juu yake. Kwenye kichupa kuna alama ya duara yenye mraba mweupe katikati. Joto likizidi, mraba hubadilika rangi kidogo kidogo. Ukifikia weusi wa duara, dozi hiyo hutupwa. Muuguzi wa zahanati hutazama mraba huo kabla ya kufungua, na kwa kituo kilicho mbali na jokofu la uhakika mraba huo una thamani kuliko karatasi yoyote. Lipo pia suala la umri. Kwa kuhofia tatizo la nadra la utumbo kujikunja ndani yake, ambalo liliiondoa sokoni chanjo ya kwanza ya Marekani mwaka 1999, masharti ya awali yalitaka dozi ya kwanza kabla ya wiki 15. Mtoto aliyecheleweshwa na bahari alikosa kabisa. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilishauri watoto waliochelewa wapewe chanjo hata baada ya hapo, hadi miezi 24, likipima kwamba maisha yatakayookolewa ni mengi mno kuliko hatari. Kwa maeneo kama Lamu Mashariki, ushauri huo ulikuwa wa maana kuliko chanjo mpya.

Rotavirusi ikipungua, virusi vingine huonekana zaidi, na vyenyewe vina utofauti wao. Norovirusi hugawika katika makundi makubwa yanayoandikwa GI, GII na kuendelea. Ndani ya GII, aina ya GII.4 ndiyo iliyotawala dunia tangu miaka ya 1990, ikibadilisha uso wake kila baada ya miaka michache. Uso wa 2012 uliitwa Sydney kwa jina la mji ulikotambuliwa. Kenya imetoa mchango wake katika elimu hii. Nicholas Kiulia na wenzake walichunguza maji ya mito na vyanzo vingine nchini mwaka 2012 na 2013, wakakuta GII.17 imetawala, aina ambayo wakati huo ilikuwa haizungumzwi sana. Majira ya baridi ya 2014 na 2015, tawi la GII.17 lilizusha milipuko mikubwa China na Japani. Hilo halina maana kwamba maji ya Kenya ndiyo yaliyokuwa chanzo cha milipuko hiyo. Thamani ya utafiti ni kuonyesha kwamba maji ya mto yanaweza kutaja aina iliyo njiani kabla haijajaza wodi. Kuhusu adenovirusi, watafiti wa Kilifi wamesoma jenomu za F40 na F41 kutoka kwa watoto waliolazwa kati ya 2013 na 2022. Virusi hivi urithi wake ni wa DNA, hubadilika polepole kuliko rotavirusi, wala havina chanjo. Astrovirusi na sapovirusi hugharimu maisha machache zaidi na hazihitaji maneno mengi hapa.

Lamu ina maji ya aina yake, na maji yana sehemu katika safari ya virusi. Mji wa Amu hunywa maji ya visima vinavyotegemea mvua iliyohifadhiwa chini ya machuguu ya mchanga ya Shela, juu ya maji ya chumvi. Upande wa Pate, Ndau na vijiji vya pwani ya kaskazini, watu wengi wametegemea majabia, matangi makubwa ya kukusanya mvua. Ndani ya nyumba nyingi za mawe ipo birika ya chooni. Wenyeji wa kale waliweka samaki wadogo humo wale mabuu ya mbu, hekima ambayo bado inafaa. Samaki hao hula mabuu, virusi hawavigusi. Chembe ya rotavirusi ina ukubwa wa takriban sehemu 70 hadi 100 za milioni ya milimita. Mama akimtawaza mtoto anayeharisha, kisha mkono huo huo ukarudisha kata ndani ya birika, kirusi huingia majini: gramu moja ya choo ina mabilioni ya chembe na chembe 10 zinatosha. Visima vifupi vilivyochimbwa karibu na mashimo ya vyoo katika mji uliosongamana vina hatari hiyo hiyo, kwa kuwa mchanga huchuja bakteria vizuri kuliko virusi.

Hata hivyo ingekuwa kosa kuamini kwamba bomba safi peke yake litaimaliza rotavirusi. Kabla ya chanjo, watoto wa nchi tajiri zenye maji ya kunywa kutoka mferejini waliambukizwa karibu sawa na watoto wa nchi maskini. Kirusi hiki hupita mkononi, kwenye wanasesere, kwenye mkeka na shuka, na huweza kukaa juu ya vitu kwa siku kadhaa. Kinachotofautisha nchi hizo ni nani anakufa. Maji safi yanapunguza kipindupindu na homa ya matumbo kwa kiasi kikubwa. Kwa rotavirusi chanjo haina mbadala.

Tiba haijali aina. Awe na G1P[8] au GII.4, mtoto anahitaji kurudishiwa maji na chumvi: mchanganyiko wa pakiti unaotolewa zahanati, au ukikosekana, lita moja ya maji safi yenye vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vikisawazishwa kwa makini. Anywe kidogo kidogo, kijiko baada ya kijiko, hata akitapika. Asubiriwe dakika kumi kisha aendelee. Titi lisikatizwe. Zinki hutolewa kwa siku 10 hadi 14, miligramu 20 kwa siku, na nusu yake kwa aliye chini ya miezi sita. Madafu ni kinywaji kizuri, lakini yana potasiamu nyingi na sodiamu chache, kwa hiyo hayatoshi peke yake kwa mtoto aliyepoteza maji mengi. Antibayotiki haziui virusi. Utosi ukibonyea, macho yakiingia ndani, mtoto akilia bila machozi, au ngozi ya tumbo ikivutwa irudi polepole, hakuna cha kungoja mapambazuko.

Mwaka 2020, virusi vya korona vilipoingia pwani, sampuli kutoka kaunti sita, Lamu ikiwemo, zilipelekwa maabara ya Kilifi, zikapimwa na baadhi zikasomwa jenomu. Njia ya kutoka Amu hadi Kilifi ilikuwepo, visanduku vya baridi vilikuwepo, na watu wa kufanya kazi walikuwepo. Choo cha mtoto anayeharisha kinaweza kupita njia ile ile kwa gharama ndogo zaidi. Idara ya Afya ya Kaunti ya Lamu na KEMRI wanapaswa kuziweka hospitali za King Fahd, Faza na Mpeketoni katika ufuatiliaji wa kudumu wa virusi vya kuharisha, ili uchaguzi wa chanjo ijayo ufanywe kwa kuwatazama na watoto wa visiwani pia. Na mzazi mwenye mtoto aliyekosa dozi ya wiki ya kumi kwa sababu ya kusi, ampeleke kituoni wiki hii; akiwa hajatimiza miezi 24, hajachelewa.